Sweta ya Chama na Pointi za Shosho

Nyeri mwezi wa Agosti, mlima hauonekani, na manyunyu yasiyostahili kuitwa mvua yanatosha kabisa kuzuia nguo kukauka. Shule zikifungwa, nyumba yetu ya Kamakwa yote hujibana sebuleni, miguu ikielekezwa kwenye jiko la makaa. Mwaka huo mjomba wa watoto anayekaa Nanyuki alikuwa ametuachia leptopu kuukuu yenye gemu moja ya maana: Dragon Age: Origins, iliyotengenezwa na BioWare ya Kanada na kutoka mwaka 2009. Mama yangu naye alikuwa amekuja kutoka Othaya kupimwa macho.

Kwa asiyeijua, katika gemu hiyo huendi vitani peke yako. Una wenzako wa safari, na kila mmoja anakupima kwa dhamiri yake mwenyewe, kuanzia hasi 100 hadi 100. Ukiokoa kijiji, Alistair anafurahi na Morrigan ananuna. Ukishuka mno, mwenzako anaweza kufunga virago akakuacha kambini. Baldur's Gate II, ya mwaka 2000, haikuwa na simile: sifa zako zikiwa njema kupita kiasi, waovu wa kundi wanakukimbia, zikichafuka, wema ndio wanaokuaga. Mimi huupenda utaratibu huo, maana unakukatalia kupendwa na wote.

Kifungua mimba wetu ndiye aliyeshika usukani, huku akimtafsiria shosho wake, yaani mama yangu. Walipofika Redcliffe, kijiji kinachovamiwa na maiti usiku, wenyeji wakaomba msaada, naye akakubali. Morrigan akaanza kubeza.

"Huyu msichana hana mama?" shosho akauliza.

"Anaye, shosho. Ni mchawi."

"Si ndiyo."

Tangu hapo mama alimtetea Alistair kama mjukuu, na mbwa akamtangaza kuwa ndiye pekee mwenye akili. Hakukosea sana: mbwa wa gemu hiyo ana 100 daima, umfanyie lolote.

Tatizo lilianzia kwenye zawadi. Katika Dragon Age, mwenzako akikununia unaweza kumtuliza kwa kitu: Morrigan umpe vito, Sten, lile jitu lisilocheka, umpe picha za kuchora. Kila unapozidisha, zawadi inapungua nguvu, lakini bado inafanya kazi. Hapo ndipo watunzi walipolegea, kwa maoni yangu. Dhamiri uliyoijenga kwa saa nyingi za mazungumzo haifai kulainishwa kwa mkufu.

Watoto hawakuona ulegevu wowote. Binti yetu aligeuza kalenda ya duka la dawa za mifugo, akachora nyuma yake jedwali la watu wote wa nyumba hii, mbwa akiwa juu kabisa. Kisha ugawaji ukaanza kimyakimya. Jirani aliyetukopesha wilibaro akapelekewa gambuti zangu. Nyama ya Jumapili ikamwendea mbwa, ambaye kwa sheria zao wenyewe hakuhitaji kubembelezwa. Shosho, aliyekuwa amelalamikia baridi, akapewa sweta ya rangi ya damu ya mzee iliyokuwa imekunjwa vizuri chini ya mashuka kabatini.

Sweta hiyo ilikuwa sare ya chama cha mke wangu. Wanachama wote walikuwa wamefumiwa za namna moja, wavae siku ya ruracio, sherehe ya mahari, Karatina.

Mke wangu aliiona kanisani. Mama alikuwa amekaa viti viwili mbele yetu, ameifunga vifungo vyote hadi shingoni, na wanawake wa chama wakimgeukia mmoja mmoja. Baada ya ibada mama akamshika mke wangu mikono yote miwili.

"Asante kwa sweta, mwanangu. Sikujua unanifikiria hivi."

"Karibu, Mama," mke wangu akasema, kwa sauti ambayo mimi huisikia bili ya stima ikija.

Kumnyang'anya mama mkwe sweta aliyokushukuru mbele ya kanisa zima, nani angethubutu?

Usiku nilijaribu kumchangamsha kwa habari za Star Wars: Knights of the Old Republic II, ya Obsidian, iliyotoka mwaka 2004. Humo ushawishi wako kwa wenzako unawavuta wafuate njia yako, ya nuru au ya giza, kwa hiyo unajibu pia kwa vile wanavyogeuka. Tena yupo kikongwe Kreia, asiyenunulika. Kwenye mwezi wa Nar Shaddaa ombaomba anakuomba senti. Ukimpa, Kreia anakukemea na kukuonyesha anavyopigwa na kuporwa kwa sababu ya pesa hizo. Ukimfukuza, anakukemea pia, kwa kuwa uchungu wake ataumalizia kwa mwingine.

"Ukitoa ni kosa, usipotoa ni kosa," mke wangu akasema, akitazama mlango wa chumba cha wageni. "Huyo mama namfahamu."

Asubuhi binti alisoma matokeo kwa uaminifu wa karani wa kura: shosho 100, mama hasi 60. Kaka yake akaeleza kwa upole kwamba mtu akifika huko chini, kawaida huondoka kambini.

"Nyumba ni yangu," mke wangu akajibu. "Atakayeondoka si mimi." Akaikunja leptopu, akaipandisha juu ya kabati hadi shule zifunguliwe, kisha akawatuma wote wawili kwa jirani wakadai gambuti.