Ndege ya Kupanda Taksi

Ukitaka kujua Luano, hapa Lubumbashi, ina mainjinia wangapi wa ndege, toa sanduku la ndege ya rimoti uliweke barazani Jumamosi asubuhi. Kabla hujafungua kifuniko wameshafika, tena kila mmoja na kiti chake. Ndiyo shida ya kukaa karibu na uwanja wa ndege. Ndege za Addis Ababa na Nairobi zinapita juu ya mabati yetu zikiwa zimeshusha magurudumu. Watoto wanazitambua kwa mlio kabla hawajaziona, na baba zao wanajua ipi leo imechelewa. Basi hapa kila mtu amesoma. Mwanafunzi ni mimi peke yangu, niliyelipa.

Ndege yenyewe ni kitu kidogo: bawa la mita moja na kidogo kutoka ncha hadi ncha, kiwiliwili cha sponji ngumu, mota ya umeme puani, propela ya plastiki, na rimoti. Ililetwa kutoka Guangzhou na binamu yangu anayefuata nguo huko. Mwili wa ndege aliusokomeza katikati ya marobota ya jinzi, na mkia ukafika umevunjika. Betri ilibidi aibebe mkononi, maana betri za lithiamu zilizo peke yake haziruhusiwi kwenye mizigo ya tumboni mwa ndege. Zikishika moto huko chini hakuna wa kuzima. Kwa kubeba kitu hicho kisichofika robo kilo alinitoza zaidi kuliko alivyonitoza kwa ndege nzima. Alisema amekibeba kwa wasiwasi, na wasiwasi una bei yake.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Betri za aina hii mara nyingi huwa na kobalti ndani yake, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo yetu. Wala si Kongo ya mbali. Mgodi wa Ruashi, wa shaba na kobalti, uko upande huu huu wetu wa mji. Yawezekana kabisa kwamba kobalti yangu iliondoka hapa kwa lori, ikapanga foleni mpakani Kasumbalesa, ikavuka Zambia, ikapanda meli, ikapikwa China, ikarudi imevaa plastiki ya rangi na waya mbili, nami nalipa dola na kusema asante. Nilimweleza mke wangu safari hiyo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza bukari yake, yaani ugali, sufuriani, akasema, "Baba, ungechimba nyuma ya choo, hungelipa kitu."

Turudi kwenye mkia. Sponji ya ndege ilikuwa imemeguka kipande kisichoonekana, pengine kimebaki ndani ya suruali ya mtu kwenye soko la Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi. Nikachonga kingine kutoka ile sponji nyeupe nyepesi inayozungushiwa televisheni ndani ya kasha. Nilikuwa nasubiri gundi ya mbao ikauke, ambayo ni ya polepole lakini ina adabu. Jirani yangu fundi viatu hana subira ya namna hiyo. Akatoa chupa ya supa glu mfukoni, akasema hii inashika hadi soli ya buti la mwanajeshi. Nikamwambia supa glu inakula sponji nyeupe. Akaniangalia kwa huruma, akaangusha tone moja, kwa majaribio tu. Tone likatulia. Kisha likaanza kuzama. Shimo likafunguka polepole, kingo zake zikijikunja na kumeta, harufu ikapanda, na watu wote wa barazani wakainama kuliangalia mpaka likatokea upande wa pili. Fundi akafunga chupa yake. "Basi," akasema, "sponji yako njo mubaya."

Nikachonga mkia mwingine.

Kuna mzee wa nyumba ya tatu ambaye hakosi. Kwake yeye ndege ilikuwa moja tu tangu dunia iumbwe, nayo ni Fouga. Katanga ya Tshombe, ilipojitenga na Kongo, ilipata Fouga Magister tatu kutoka Ufaransa mwanzoni mwa 1961. Vita na Umoja wa Mataifa, yaani ONU, vilipolipuka Septemba mwaka huo, iliyokuwa bado inaruka ni moja, na hiyo moja, ikitokea Kolwezi, iliwasumbua wanajeshi wa nchi chungu nzima kwa sababu hawakuwa na ndege hata moja ya kivita ya kuifukuza. Ikabidi ziletwe Saab za Sweden, Canberra za India na F-86 za Ethiopia. Hayo ni ya vitabuni. Ya mzee ni kwamba yeye, akiwa mtoto, aliiona Fouga ikipita chini kabisa, na kila mwaka akisimulia inazidi kushuka. Mwaka jana ilipita chini ya waya za umeme. Mwaka huu imegusa kuku.

Mtu mwenye historia hiyo huwezi kumfundisha vibawa vya pembeni, vile vidogo vinavyopanda na kushuka nyuma ya bawa kubwa. Niliwasha rimoti kwanza, ndege baadaye, kama inavyotakiwa, maana ukianza na ndege kabla ya rimoti, mota yaweza kushtuka na propela haiulizi kidole cha nani. Nikasukuma mkono wa rimoti kulia. Kibawa cha kulia kikapanda, cha kushoto kikashuka. Sawasawa kabisa.

"Umefunga mubaya, mutoto yangu," akasema mzee. "Ukienda kuume, ya kuume inashuka."

Nikamweleza kwamba kibawa kikipanda hewa inalikandamiza bawa lile lishuke, na bawa likishuka ndipo ndege inalalia upande huo na kugeuka. Akauliza kama mimi niliiona Fouga. Nikasema sikuwa nimezaliwa. Akageukia baraza akanyoosha mikono, na baraza ikanihukumu. Kura ilipigwa kwa kweli. Hata mwanangu aliyezaliwa ndani ya nyumba yangu na kula chakula changu alimpigia mzee. Ilibidi nikatae matokeo, jambo ambalo katika nchi hii lina desturi yake.

Kisha ikaja mizani. Ndege ya namna hii isiposawazishwa haina haja ya adui. Chini ya bawa kuna alama, baina ya robo na theluthi ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele. Unaweka ncha za vidole viwili hapo, unainua, na pua inatakiwa iiname kidogo tu. Ya kwangu ikakaa kitako, kwa ajili ya ule mkia wa televisheni na gundi yake. Ndege yenye mkia mzito inapaa vizuri kwa sekunde mbili, inanyanyua pua, inasimama hewani na kuanguka, na hakuna kidole kinachoiwahi. Kitabu cha maelekezo kinasema, bandika sarafu puani. Sarafu! Ndugu zangu wa Mombasa na Dar es Salaam wanaweza kucheka, wao wana shilingi za chuma. Faranga yetu ni karatasi tupu. Ningebandika noti puani mpaka ndege ifanane na bibi harusi anayetuzwa, na bado isingeinamisha kichwa.

Nikaamua kutumia shaba. Tuko Katanga, tumekalia shaba, tukichimba kisima tunaogopa kukuta shaba. Nilihitaji kiasi cha kujaza kiganja, waya wa kuzungusha puani. Jaribu wewe kuzunguka mtaani ukiuliza nani ana waya kidogo wa shaba! Kwenye mji ambao nyaya za umeme hukatwa usiku na kuuzwa kwa kilo, swali hilo halina jibu, lina maswali mengine. Fundi wa kuzungusha mota aliniuliza nakaa wapi. Akauliza tena kazi yangu. Akamwita mwenzake aje asikilize. Nilipomwambia ni kwa ajili ya kuipa ndege uzito, akauliza, kwa sauti ya mtu anayemshauri mgonjwa, kwa nini niifanye ndege iwe nzito. Mwishowe alinipa kipande, akanitoza bei ya London, na akaomba kisitajwe kimetoka kwake.

Betri sasa. Ni ya seli tatu: volti 11.1, na ikijaa inafika 12.6, wala haitaki chaja ya simu. Ina chaja yake inayojaza kila seli kwa kipimo, na chaja hiyo inataka umeme, na umeme ulikuwa umekwenda. Pale kwa kinyozi kuna jenereta. Kinyozi anachaji simu za mtaa mzima kwa faranga chache, lakini alipoona betri yangu, yenye waya nene nyekundu na nyeusi, alisogeza wateja wake mbali. Nikamwambia inachukua kama saa nzima na haifai kuachwa peke yake. Akasema sawa, lakini anayekaa kwenye kiti cha kinyozi ananyolewa. Nimenyolewa. Sikuwa na nywele za kunyoa, alipunguza zile za nyusi.

Ndege imefungwa, imesawazishwa, betri imejaa. Watoto wakapanga mstari barabarani, wengine wakaanza kufukuza mbuzi kusafisha njia ya kurukia. Ikabidi nitangaze habari ambayo ilinifanya nionekane mchawi. Hairushwi hapa.

Maana yake ni hii, na inauma kila ninapoieleza. Luano, mahali ambapo hata mbwa anajua ndege, ndipo mahali pekee pa Lubumbashi ambapo mtu mwenye akili hawezi kurusha ndege yake. Juu yetu ni njia ya kutua. Rubani anayeshuka na abiria mia na zaidi hana habari na sponji yangu, na mimi siwezi kumwomba asubiri. Bila ruhusa ya wanaoongoza ndege huthubutu hata puto. Watoto walinisikiliza wakiwa wamenuna. Aliyeniokoa, siamini ninaandika hivi, ni mzee.

"Fouga moja," akasema, "moja tu, ilinyima ONU usingizi. Yule askari wa getini uwanjani, akiona ya huyu, munafikiri atacheka?"

Baraza ikakubali kwa kauli moja. Nilipotaja usalama wa abiria hakuna aliyekohoa.

Kwa hiyo tulikwenda kutafuta anga upande wa pili wa mji, barabara ya Kipushi. Ndege na taksi ni viumbe viwili visivyopatana. Bawa langu halikunjwi. Likiingia linaanzia kwenye kioo cha nyuma na kuishia shingoni mwa dereva. Dereva alilitazama, akapiga hesabu, akasema, "Papa, hii inakamata nafasi ya bantu babili. Italipa." Nikasema ni ndege. Akasema hata padri analipa. Tukaenda hivyo: mimi mbele na kiwiliwili mapajani, bawa nyuma limelipiwa viti viwili, mzee amejibana kwenye kiti cha tatu akiwa ameshikilia rimoti kifuani, na watoto wawili ambao sijui walilipiwa na nani. Bibi mmoja aliyetaka kupanda njiani aliambiwa taksi imejaa. Akachungulia, akaona aliyekalia kiti chake ni sponji, akasonya mpaka tukamsikia kwenye kona.

Uwanja tulioupata ulikuwa mpana, ila una vichuguu. Msomaji wa pwani asidhani nasema vile vya kufika gotini. Vichuguu vya huku kwetu ni vilima, vingine vinaizidi nyumba ya matofali kwa kimo, na vimeota miti kichwani. Tena tuko mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 12, na joto la Oktoba linaipunguza zaidi. Propela inatafuna kidogo, bawa linataka mwendo zaidi ndipo libebe, na kutua nako unatua kwa kasi. Ndege kubwa zinalijua hilo, ndiyo sababu mojawapo njia yao pale Luano ina zaidi ya kilomita 3. Mimi nilikuwa na kijia cha baiskeli baina ya vichuguu viwili.

Nikamtuma mtoto aende mbali akiwa ameishika ndege, huku mzee akijaribu vibawa, kuhakikisha rimoti inafika. Ikafika. Nikageuza pua ikabili upepo, nikafungua mota, ndege ikakimbia, ikakimbia, ikakimbia tena, kichuguu kikawa kinaikaribia, na mzee akaanza kusali kwa Kibemba. Ikapanda. Ikalala kulia nilipotaka kulia. Nilimtazama mzee. Alikuwa anaangalia juu, mdomo wazi, na sitasema uongo, alikuwa amesahau kunikosoa. Ilizunguka dakika chache, maana betri hiyo haina zaidi ya hapo, nikaishusha kwa kasi, ikaburuzika kwenye majani makavu na kusimama nzima. Watu walikuwa wametokea sijui wapi. Mama mmoja muuza mandazi aliniuliza inabeba kilo ngapi. Nikasema haibebi kitu. Akajifunga kitenge upya, akaondoka bila kuniuzia.

Taksi ilikuwa bado inatungoja barabarani. Nikamwendea dereva kwa upole, nikamwambia, ndugu yangu, kwa kurudi angalau hesabu bawa kiti kimoja, si unaona hata halina miguu.

Dereva alinitazama mimi, akaitazama ndege.

"Papa, si nimeiona? Iko naruka. Basi ipite yulu, siye tutapita chini."