Ugali wa Kushiba Una Gramu Ngapi?

Ukitaka kujua ndugu zako wanakuchukuliaje, nenda kasomee lishe. Mwenzako akisomea uuguzi huitwa daktari kabla hajashika sindano. Akisomea sheria, kila mwenye kesi ya shamba humpigia simu. Wewe wa stashahada ya lishe utaulizwa na mama mkubwa, mbele ya wageni, kama huko chuoni mnafundishwa na pilau au ni vyakula vya wagonjwa tu. Baba yangu, ambaye ndiye mlipa ada na kwa hiyo alistahili kujua, aliwaambia majirani zetu wa Muheza kwamba binti yake yuko Morogoro anasomea mambo ya uji. Basi nikirudi likizo mikono mitupu, bila hata kilo mbili za unga, naonekana mchoyo.

Na unga wenyewe ndio ugomvi. Ule unaosifiwa sokoni una mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa juu yake, na kadiri orodha inavyorefuka ndivyo muuzaji anavyopandisha kifua na bei. Darasani tunafundishwa karibu kinyume chake. Karanga na dagaa vikisagwa pamoja na nafaka, unga unachacha upesi kwa sababu ya mafuta. Tena punje zenye ukungu zikiingia kwenye mchanganyiko huwezi kuzitambua tena, na humo ndimo sumukuvu inamojificha. Hilo si jambo la kutaniana: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Nilimweleza mama mkubwa yote haya kwa adabu, taratibu, na mifano juu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Kwa hiyo mwaka huu pia unga hukuleta."

Wasilaumiwe ndugu peke yao. Mwenzetu mmoja wa bweni alifika chuoni na aproni mpya, mwiko wa mpingo na seti ya visu ndani ya kasha. Kipindi cha kwanza kikawa baiokemia. Tuliingizwa kwenye mzunguko wa Krebs, aliouelezea Hans Krebs mwaka 1937, na ambao mimi niliuelewa siku nilipoamua kuuona kama daladala: abiria mwenye kaboni mbili anapanda, anakutana na wenyeji wenye kaboni nne, gari linazunguka, njiani kaboni mbili zinashushwa zikiwa hewa ya ukaa, na dereva anarudi kituo kilekile kusubiri abiria mwingine. Nauli inakusanywa kidogo kidogo njiani, nayo ndiyo nguvu yenyewe ya mwili. Mwenzetu hakuuelewa kwa daladala wala kwa treni. Alipata sapu, na aproni ile ikaishia kuwa kitambaa cha kupigia pasi.

Baada ya Krebs ndipo zinakuja gramu. Gramu moja ya wanga ina kilokalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Hesabu hizo tumezirithi kwa Mmarekani Wilbur Atwater, na ukishazijua huwezi tena kukaa kwa mama ntilie kwa amani. Unamwona anainamisha dumu la mafuta juu ya sufuria ya maharage na kichwani mashine ya hesabu inaanza kulia. Lakini njaa nayo ina hesabu yake, na mara zote ndiyo hushinda.

Nina kinyongo cha siku nyingi na vitabu vyetu vya kiada. Orodha za vyakula mbadala kwa wenye kisukari zilichapishwa Marekani mwaka 1950, na wazo lake ni zuri: kipande kimoja cha mkate kina kama gramu 15 za wanga, na chochote chenye gramu 15 za wanga kinaweza kukalia kiti chake. Ila mifano! Tulikariri vipimo vya brokoli, stroberi na jibini za majina ya kutatanisha, vitu ambavyo karibu darasa zima halijawahi kuvitia mdomoni. Msichana wa Lushoto alisema brokoli kwao inalimwa, inapakiwa kwenye matenga, inapelekwa Dar es Salaam mahotelini. Hata yeye hajaila. Ndiyo maana nilipofunguliwa majedwali ya viambato vya vyakula vya Tanzania, yaliyotolewa mwaka 2008 na Muhimbili pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Harvard, nilijisikia nimefika nyumbani. Kuliona andazi limeketi ndani ya jedwali la kisayansi, na safu zake za madini na vitamini, kulinipa heshima mpya kwa andazi.

Kupimana urefu na uzito kulikuwa na vituko vyake. Uwiano wa uzito na urefu ulibuniwa karne ya 19 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtaalamu wa nyota na takwimu, ambaye ni dhahiri hakuwahi kukutana na msuko wa rasta uliofungwa utosini. Kanuni inasema nywele zisiongeze urefu. Mwenye rasta anasema alikaa saluni kutwa nzima na hazifumuliwi kwa ajili ya zoezi la alama tano. Kwa hiyo kwenye daftari la darasa letu yuko binti mmoja mrefu kupita wavulana wote, mwenye uwiano wa mtu aliyekosa chakula, na anayeujaza mlango akisimama.

Lakini kama kuna mtu aliyeielewa tiba lishe kuliko sisi sote, ni mlinzi wa geti. Tulikuwa na jiko la mafunzo ambako tulipika mlo wa ugonjwa fulani, tukauonja, tukauandikia ripoti. Kinachobaki ni cha mwenye bahati, na mlinzi alikuwa na bahati ya kudumu. Siku ya mlo wa kuongeza uzito, wenye maziwa, mayai, parachichi na uji wa karanga, alikuwa mlangoni kabla yetu. Siku ya mlo wa majeraha ya moto, wenye protini nyingi, alikuja na mwenzake wa geti la nyuma, na sijui nani alibaki kulinda. Siku ya kisukari alikula bila furaha, akasema ni chakula cha watu walioachika.

Ikaja wiki ya figo.

Mgonjwa ambaye figo zake zimechoka mara nyingi anatakiwa kupunguza potasiamu, chumvi na fosforasi. Kwa hiyo unamenya viazi, unavikata vipande vidogo, unavichemsha kwa maji mengi, maji unayamwaga, unaweka mengine, unachemsha tena. Mchicha hivyohivyo. Yale maji ambayo bibi alitufundisha tusiyamwage kwa kuwa ndiyo yenye vitamini, wewe unayatazama yakiingia kwenye sinki. Nazi hapana, maharage kwa kupimiwa, chumvi unaiona kwa macho tu. Kilichobaki kwenye sahani kilikuwa na rangi ya kuta za hospitali. Mlinzi alifika kwa wakati wake, akasimama kizingitini, akavuta hewa puani mara moja.

"Leo figo?"

"Figo, kaka."

Akavaa kofia. "Mimi zangu nzima, namshukuru Mungu," akarudi getini. Mkufunzi alisema hakuna mhadhara wa kinga aliowahi kuutoa ukaingia moyoni namna ile. Mlinzi alipunguza chumvi tangu siku hiyo, mwenyewe anatangaza, kwa hofu ya kupikiwa na sisi.

Tulipotoka kwenda fildi, katika vijiji vya mwambao, ndipo gramu zilipokutana na watu. Njia kuu ya kujua mtu anakula nini ni kumwuliza alichokula katika saa 24 zilizopita. Unapita mara ya kwanza upate orodha, unapita tena umkumbushe alivyosahau, unapita tena upate kiasi. Kwenye karatasi inapendeza. Mimi nilipangiwa mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu kitako."

"Babu, jana asubuhi ulikula nini?"

"Sikula. Nilikunywa chai."

"Chai tupu?"

"Chai tupu."

Nikaandika. Nikapita mara ya pili, kama tulivyofundishwa: labda kulikuwa na kitafunwa? Akanitazama kwa huruma. Vitumbua vilikuwepo, alisema, na muhogo wa kuchemsha, na samaki wa jana yake. Hivyo navyo ni vya kuuliza? Nani anakunywa chai bila chai? Mchana je? Ugali. Kiasi gani, babu? "Wa kushiba." Nikamwonyesha bakuli za vipimo: hii, au hii? Akazigeuza zote, akasifu plastiki yake, akasema hakulia kwenye bakuli, alilia kwenye sinia na wajukuu na jamaa wa pwani waliopita. Walikuwa wangapi? Hapo akaacha kushona. "Watu hawahesabiwi wakila, mjukuu wangu."

Nilipopita mara ya tatu aliuliza kama masikio yangu ni mabovu au simwamini.

Wataalamu wanajua shida ya sinia. Suluhisho lao ni kulipima lote kabla ya kula, kupima mabaki, kisha kukadiria fungu la kila mmoja kwa kumwangalia. Kesho yake tukaenda na mizani katika nyumba nyingine iliyokubali. Wali wa nazi, mchuzi wa changu, kachumbari. Mizani ilipowekwa chini ya sinia, nyumba nzima ikanyamaza, na bibi mwenye nyumba akauliza kwa sauti ndogo kama leo chakula kinauzwa. Tukaeleza. Akaelewa, au alijifanya kuelewa. Tukasoma kilo, tukaandika, tukakaa pembeni na kalamu ili tutazame mikono ya walaji.

Hakuna aliyegusa chakula. Watu wazima, watoto, wote wametukazia macho. Bibi akasema, "Karibuni, mnangoja nini? Maji ya kunawa hayo." Kiongozi wetu akajibu kwa heshima zote kwamba sisi tunatazama tu. Hilo lilikuwa neno baya. Mgeni akae nyumbani kwake, atazame watu wakila, akiandika? Watasema nini majirani? Changu aliyenona kuliko wote akasogezwa upande wetu. Tulinawa. Tulikula, na tulikula vizuri, kwa kuwa wali ule haukuwa wa kuonjwa. Mabaki yakapimwa kwa uaminifu mkubwa. Jioni tulipokaa kujaza fomu tukagundua ina safu ya baba, mama, watoto kwa umri wao, na wajawazito. Safu ya mtafiti haimo. Kiongozi wetu, msichana mwenye akili sana, akatuingiza kwenye "wengineo".

Hospitalini wilayani mambo yalikuwa ya kifungo zaidi, kwa sababu kuna daktari, kuna faili na kuna saa za kuona wagonjwa. Saa hizo ndizo adui wa tiba lishe. Unamaliza kumwandikia mgonjwa wa figo mlo wake, unageuka, ndugu wanaingia na madafu manne. Dafu ni zuri, tunalisifu kwa watalii, ila limejaa potasiamu, na kwa figo iliyoshindwa potasiamu ikipanda inaweza kuusimamisha moyo. Jaribu kuwaambia hivyo watu waliotoka Kilindoni kwa boti wakiyapakata madafu hayo mapajani. Niliwashukuru sana kwanza. Kisha nikaomba tuwape wauguzi wa zamu. Wauguzi wa zamu walinipenda kuanzia siku hiyo, wakawa wananiuliza asubuhi kama kuna wagonjwa wapya wa figo.

Shangazi yangu naye alianza kunipigia simu usiku. Ana kisukari, na alikuwa ameambiwa dona ni bora kuliko sembe. Akaelewa kwamba dona haina mwisho. Mlima wa dona ni mlima wa wanga, shangazi, namwambia, kiasi ndicho kinachohesabiwa. Na asali? Asali sehemu kubwa ni sukari vilevile. Akanyamaza, kisha akasema asali imetajwa vitabuni kuwa ni tiba na mimi sijatajwa popote. Asubuhi kipimo chake kilisoma 14, na alikuwa hajaweka kitu mdomoni. Alinihakikishia kwamba ni betri.

Kwa watu wasio na mizani, na hao ndio karibu wote, tulifundishwa kutumia mkono: ugali usizidi ngumi yako, nyama iwe kiganja bila vidole, mboga za majani viganja viwili vilivyokusanywa. Ni njia nzuri kwa kuwa mkono mtu hausahau nyumbani. Mgonjwa wangu wa kwanza wa kufundishwa peke yangu, mkufunzi akinisikiliza kwa nyuma, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Alikuja na mkewe, mdogo wa umbo, amejifunga kanga na kukumbatia pochi. Nikaeleza sukari, nikaeleza wanga, nikafika kwenye ngumi. Fundi akauinua mkono wake wa kulia, akaukunja taratibu, akauweka juu ya meza yangu. Faili likahama. Ngumi ile ilikuwa na vifundo, makovu ya cheche na upana wa kutosha kuziba mdomo wa ndoo.

"Hii?" akauliza, uso umechanua.

Mkewe aliitazama ngumi, akanitazama mimi, akaitazama tena ngumi. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe, akaukunja, akauweka pembeni ya ule. Ulikuwa kama robo yake.

"Anesi," akaniambia, maana kila mwenye koti jeupe ni nesi, "andika hii. Mpishi ni mimi."

Fundi akamgeukia mkufunzi kutafuta rufaa. Mkufunzi alikuwa amejiinamia, anaandika alama zangu. Fundi akauliza basi kama mboga nazo ni kwa viganja vya mkewe au vyake, na kwa hilo mkewe alimwachia atumie vyake vyote viwili.