Sifa Zako, Ewe Mswada wa Jinai

Wengine na wasifu simba. Mimi mkazi wa Kanduyi, Bungoma, nakusifu wewe, mswada wa kurekebisha sheria za jinai, kiumbe mpole usiyejua haraka. Siku ya kusomwa mara ya kwanza husomwa jina lako tu, kisha unapelekwa kwenye kamati ukapumzike.

Kwetu wewe ni mfadhili. Kifungu cha 118 cha Katiba ya Kenya kinataka wananchi wahusishwe, basi siku ya kutoa maoni hema hupigwa, viti vya plastiki hupangwa, na foleni ya kwanza ni ya kusaini daftari la mahudhurio. Mzee husimama kuulizia malipo ya miwa. Mama naye ana neno kuhusu mbolea. Karani huandika yote kwa adabu. Na kwa kuwa umeandikwa Kiingereza cha mawakili, hakuna anayekuvunjia heshima kwa kukusoma. Soda na mkate vikifika, tunakuunga mkono kwa kauli moja.

Wanaokulaumu kwa kukawia wamesahau Desemba 2014. Mswada wa sheria za usalama, uliogusa hata Kanuni ya Adhabu, ulipitishwa tarehe 18 wabunge wakipigana ukumbini, ukatiwa sahihi kesho yake. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane. Mbio hizo zilimfaa nani?

Wewe una subira. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Mwanasheria Mkuu na wenzake wakapewa miezi 12 kutengeneza mambo. Julai 2021 ikabidi mahakama irudi kufafanua uamuzi wake, na kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, chenye amri hiyo ya kifo, kilikuwa palepale, neno kwa neno. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, kwa hiyo nani ana haraka? Labda aliye ndani.

Usiuonee wivu Uwanja wa Masinde Muliro, uliokarabatiwa mbiombio hapa Kanduyi kwa ajili ya sherehe za Siku ya Madaraka, 1 Juni 2024. Uwanja ulikuwa unamngoja Rais. Nawe usihofu kusukumwa: Spika Moses Wetang'ula ni mtu wetu wa Bungoma, na wa nyumbani hasumbuliwi.

Lala salama. Agosti 2027 tunatarajia kuchagua Bunge jipya, na mswada ambao haujapita hufa pamoja na Bunge la zamani. Atakayekutaka ataanza upya, kwa kusoma jina lako.