Suti ya Paundi 12 na Injini ya Boti



Mjomba, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani umekosea namba. Unasema picha yangu ya harusini imezunguka baraza zote za Kilwa Masoko, ikavuka na mashua mpaka Kisiwani, na wazee wamekaa kikao wakaafikiana kwamba mtu aliyevaa suti ile hawezi kushindwa na injini ya boti ya hospawa 15. Nashukuru kwa imani. Sasa nakuomba uwakusanye wazee hao hao, uwasomee barua hii kwa sauti, na usiruke mstari.

Suti ile nimeinunua paundi 12.

Si 1,200, wala 120. Ni 12, pesa ambayo hapa Reading ukiingia nayo mgahawani na mwenzako, mmoja wenu atakula na mwingine atatazama. Nimeinunua duka la chariti. Waingereza hupeleka huko nguo wasizozitaka, zinauzwa, na faida inakwenda kwa wagonjwa, kwa watoto, au kwa paka. Ndiyo, paka. Duka nililonunua mimi lilikuwa la paka waliotupwa. Kwa hiyo wazee wakiuliza pesa za mpwa wako ziko wapi, waambie kidogo alichokuwa nacho kimeliwa na paka.

Marehemu bibi alikuwa akiziita nguo hizi kafa Ulaya, na akinunua blauzi ya mtumba alikuwa anaifua mara mbili: mara ya kwanza kwa uchafu, mara ya pili kwa marehemu. Tulikuwa tunamcheka. Mimi nafanya kibarua changu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na nakwambia bibi alikuwa sahihi kuliko sisi tuliosoma. Mzee akifariki Jumatatu, Jumatano wanawe wanakuja na mifuko myeusi, na Ijumaa kabati lake lote linaning'inia dukani likiwa na bei. Nami nalivaa likiwa bado halijafungwa belo. Wale mabingwa wa kuchagua pale Karume, Dar es Salaam, wanasubiri meli. Mimi nimewatangulia huku chanzoni.

Nikupe siri ya kazi, maana vijana wa barazani watadhani ni bahati. Kwanza, usinunue mtaa unaoishi wewe. Mtaa wangu watu wanavaa nguo mpaka zinaisha, hakuna cha kupeleka dukani. Navuka mto Thames naenda Caversham, wanakokaa wastaafu wenye pensheni nene. Wenye pensheni nene huacha makabati manene. Nenda katikati ya wiki, asubuhi. Ukifika usisome lebo, lebo ni ya kuwababaisha wageni. Shika mkono wa koti, ufinyange kwenye kiganja, hesabu mpaka kumi, achia. Sufu hujinyoosha yenyewe taratibu kama mtu aliyelala vizuri. Kitambaa hafifu kinabaki na makunyanzi na kinakutazama. Kisha lipindue, uangalie mishono ya bitana. Mwisho vaa, tazama mabega tu. Kiuno fundi atakipunguza, mikono atafupisha, vifungo utabadilisha. Koti likikukataa mabegani liache, hata kama lilikuwa la Lodi.

Langu lilinikubali mabegani. Suruali ndiyo ilikuwa imezidi inchi tatu, maana mwenyewe alikuwa twiga. Nikaipeleka kwa fundi. Akapima kwa adabu, akaandika kwenye kitabu, akanitajia paundi 15. Mjomba, kupiga pindo la suruali ni ghali kuliko suruali, koti na kizibao chake vikiwa pamoja! Nikamkumbuka fundi wetu pale sokoni, yule wa cherehani ya kukanyaga, anayekupunguzia suruali wewe umekaa na msuli wa kuazima, anakupa habari za ndoa zote za wilaya, na mwisho unamwambia hesabu itakuja baada ya mnada wa ufuta.

Nikarudi chumbani, nikaikata mwenyewe, nikaishona kwa sindano ya mkono, mshono ule ule wa kofia aliotufundisha Shangazi. Ukitazama kwa nje uzi huuoni. Ila mguu wa kushoto umezidi kidogo. Wewe na wazee mmesifu jinsi nilivyosimama kwa madaha pichani, mguu mmoja mbele, mkono mfukoni, mkasema Ulaya imenifundisha pozi. Lile si pozi, ni pindo.

Ikabaki harufu. Nguo za maduka haya zina harufu moja, dunia nzima naamini: kabati, dawa ya nondo, na Jumapili ya mvua. Kufua suti ya sufu huwezi, dobi wa mashine hapa naye ana bei zake. Nikafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nikatoa chetezo, nikawasha kaa la shisha, nikatia udi niliousaza tangu Idi, nikalitundika koti juu ya kiti moshi ulipande vizuri kwa ndani. Mimi mwenyewe nimevaa msuli, nimekaa pembeni nasubiri, moyo umetulia.

Mjomba, nyumba hizi zina kidude darini kinachonusa moshi. Hakijui udi. Kilipoanza kulia, wenzake wa vyumba vyote wakaitikia. Tukatoka nje wote wapangaji sita, mwezi wa Januari, usiku. Mpolandi ana mswaki mdomoni, Mghana amebeba runinga, mimi nina msuli na koti la suti begani kwa sababu sikuwa tayari kupoteza paundi 12. Zimamoto wakaja, wakapanda juu wakiwa na mavazi yao kamili, wakashuka na chetezo changu wamekishika kwa mkono ulionyooshwa kama mtu aliyebeba panya. Mmoja wao akalinusa koti, akaniuliza kwa heshima hayo ni manukato gani, yanauzwa wapi. Sasa hivi nafukizia bustanini, na jirani ameacha kunisalimia.

Lakini asitokee mtu barazani akasema nimeiaibisha Kilwa kwa kuvaa nguo ya mtu. Kilwa ndiyo ya mwisho kusema hivyo. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika kwetu, Sultani akiwa al-Hasan bin Sulaiman, waliyempa jina la Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake. Anasimulia kwamba Ijumaa moja Sultani alikuwa anatoka msikitini, akasimamishwa na fakiri wa Yemen aliyetaka apewe nguo zile zile alizovaa mwenye enzi. Si kesho, sasa hivi. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nyingine, zile akamwachia. Fakiri akazifunga furushi, akajitwika kichwani, akaenda zake. Furushi la nguo alizovaa mwingine, kichwani mwa mtu anayetembea na njia: huo kama si mtumba ni nini? Na alipata faida kubwa. Mrithi wa Sultani alizikomboa nguo zile kwa watumwa 10, maana zama hizo binadamu alikuwa anapimwa kwa nguo, jambo ambalo hatuna la kujisifia. Sultani mwenyewe akaongeza 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hakuna Mmachinga aliyewahi kuuza hivyo. (Na Wamachinga ni wetu. Wako wanaodai jina limetoka kwenye Kiingereza. Waache, hawajapita Mchinga wakienda Lindi.)

Wazee wetu walijua kupendeza kwa kilichopo. Neville Chittick alipofukua Kisiwani miaka ya 1960 alikuta vigurudumu vya kusokotea uzi vilivyochongwa kwenye vigae. Chungu kimevunjika, hawatupi, wanakitengenezea nguo. Kule Sofala, kulikokuwa chini ya Kilwa enzi za dhahabu, Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba watu walikuwa hawana rangi ya kutia pamba yao, basi wakachukua nguo za buluu za Cambay, wakazifumua uzi kwa uzi, wakazifuma upya pamoja na nyeupe ya kwao. Ndiyo kazi ninayofanya mimi na suruali ya twiga, isipokuwa wao walikuwa na subira zaidi.

Kuna jambo la Shangazi. Mwaka jana nilijikamua nikamtumia boksi la nguo. Mnakumbuka mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki waliposema mitumba ikome ifikapo 2019, Shangazi alinunua blauzi za kumtosha miaka mitatu. Baadaye Marekani ikatishia kufunga soko lake, wakabaki Rwanda peke yao na msimamo, na yeye akabaki na blauzi. Nikadhani zimeshaisha. Boksi likafika salama, akanipigia kushukuru, akaniombea dua ndefu, halafu akasema: "Mwanangu, shati kama hili mnadani kwetu ni shilingi 3,000. Umelipa nauli kiasi gani kulileta?" Nikamtajia. Akanyamaza. Nilimsikia anamwambia mtu pembeni, "Amelipa mara kumi."

Kuhusu injini, Mjomba, nguvu niliyonayo ni ya kasia. Naweza kuchangia plagi mbili na galoni ya oili, na hizo nitazituma mwisho wa mwezi, niandikie ni plagi namba ngapi. Picha ile muifute, au mumpe mama peke yake.

Sasa ombi langu mimi. Mwezi wa saba kuna harusi nyingine hapa, na nimechoka kuvaa marehemu. Nishonee kanzu moja nyeupe ya pamba, urefu inchi 58, shingo 16, mikono isifunike vidole. Darizi kifuani iwe ya hariri, ndogo, isipige kelele. Kofia ninayo. Mpelekee fundi yule yule wa cherehani ya kukanyaga, ila mwambie ni ya binamu yangu wa Kivinje. Akijua ni ya mtu wa Ulaya atapandisha bei.