Semina Elekezi kwa Wakufunzi wa Mlima

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wakuu wa idara, wakufunzi wa fani ya uongozaji milimani na maporini, na wanachuo mliosimama ukutani kwa kuwa viti vimetolewa kwa wageni: itifaki imezingatiwa. Mshereheshaji amenisomea wasifu wangu nami namshukuru, ingawa ameruka kurasa mbili. Mimi ni Mshauri Mwelekezi wa Shughuli za Milima, Mapori na Mabonde, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kutafuta kwa muda mrefu na kukosa mtu mwenye hadhi ya kunitunuku.

Nimeitwa niwafundishe ninyi mnaofundisha. Kabla ya kuja nimefanya ukaguzi, na nitasema niliyoyaona bila kumwonea mtu haya.

Nilianzia stoo. Nikakuta kamba zimekunjwa, mahema yameanikwa, majiko yamesuguliwa, na pembeni kuna dude la chuma lenye tairi moja katikati. Nikauliza, hili toroli la zege linatafuta nini kwenye chuo? Nikaambiwa kwamba hiyo ni machela. Mgonjwa hufungwa juu yake, watu wakaishika mbele na nyuma, wakashuka naye mbio juu ya mawe, usiku kwa usiku. Ndugu zangu, nilisikitika. Chuo kinachofundisha watu kupanda kimetumia fedha kununua chombo cha kushusha! Mdau akiliona dude hilo atatuelewaje? Nimeagiza lifunikwe turubai.

Kisha nikafungua mtaala. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza: pole pole. Nikadhani ni kosa la mchapaji. Hapana, ndiyo falsafa yenyewe. Nikaelezwa kwamba wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame hutolewa kambi ya Shira, wakapandishwa hadi Lava Tower kwenye mita 4,630, wakala chakula cha mchana huku vichwa vikiwagonga, halafu siku hiyohiyo wakateremshwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Nikatoa kikokotoo. Mnapanda mita zaidi ya 700, kisha mnazimwaga zaidi ya 600! Kwenye taasisi yoyote inayojiheshimu hiyo ni hoja ya ukaguzi, na mhasibu wake angekuwa nje kwa dhamana. Mkufunzi mmoja, binti mwenye buti zilizochakaa, akajitia kunifafanulia kwamba mwili huizoea hewa nyepesi kwa kuionja juu na kupumzika chini, kwa sababu pale kilele cha Uhuru, mita 5,895, pumzi moja hubeba takriban nusu tu ya oksijeni ambayo mtu wa Tanga huivuta bila kuifikiria. Nikamjibu kwa upole wa kisomi: basi wapumue mara mbili. Akanyamaza. Mjadala ukafungwa, na naomba uingie kwenye kumbukumbu kwamba ulifungwa na mimi.

Upo pia ule utaratibu wenu wa kuondoka kambi ya Barafu saa sita ya usiku ili mtu afike kileleni jua likichomoza. Saa za kazi zinajulikana. Nani aliidhinisha malipo ya saa za ziada? Kilele hakihami, kinaweza kufikiwa saa nne asubuhi, watu wakishakunywa chai.

Historia mnaifundisha, lakini kwa kuikosea adabu. Mnawaambia vijana kwamba Mjerumani Hans Meyer aligeuzwa na barafu mwaka 1887, akafanikiwa mwaka 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller, na kwamba safari hiyo ya pili aliweka kambi katika miinuko tofauti, wapagazi wakimpandishia chakula kutoka chini ili akishindwa leo ajaribu tena kesho bila kurudi hadi Marangu. Sasa hapo somo liko wazi kabisa: mlima hupandwa na bajeti. Ninyi mmechota nini? Mmetundika ukutani picha ya Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayesemekana ndiye aliyewaonyesha njia Wazungu hao. Simvunjii heshima marehemu. Lakini nimepitia vigezo vyenu vya ajira: cheti cha sekondari hana, shahada hana, wadhamini watatu wenye barua pepe hana. Angeomba ukufunzi hapa leo, barua yake isingevuka masijala, na ingekuwa haki kabisa.

Jambo hilo linanileta kwa mzee mwingine, ambaye yuko hai na amekaa pale nyuma na kofia yake ya sufu, joto lote hili. Mmempa mkataba. Nimesoma faili lake: alianza mgumu, yaani mpagazi, akawa mpishi, akawa msaidizi, akaishia kiongozi. Alipanda mlima mara nyingi kiasi kwamba mwenyewe hajui idadi, na mtu asiyejua takwimu zake mimi simwamini. Niliingia kipindi chake. Hakuna slaidi. Hakuna malengo mahsusi wala malengo ya jumla. Asubuhi anawakusanya wanachuo, anawatazama machoni mmoja mmoja, anauliza: umelalaje, umekula nini, umekwenda haja ndogo mara ngapi, ilikuwa na rangi gani? Nimezunguka semina nyingi nchi hii na sijawahi kuulizwa swali la namna hiyo na mtu mwenye mkataba. Nikashauri liondolewe, badala yake tuwe na dodoso lenye visanduku vya kuweka tiki.

Mzee huyohuyo huwabebesha wanachuo mizigo. Mizigo! Kanuni ya hifadhi inasema mgumu asizidishe kilo 20 za mzigo wa mgeni, na pale getini mzani upo. Yeye anasema kijana asiyewahi kuzipandisha kilo hizo hatajua kwa nini mwenzake amechelewa kufika kambini, wala hatapata uchungu wa kukataa mzigo uliozidi. Mimi nasema shingo ya mwanadiploma iliumbwa kwa ajili ya tai.

Lakini lililonivunja moyo kuliko yote ni kipindi kinachoitwa Kumrudisha Mgeni. Kinachukua wiki nzima! Wanachuo wanafundishwa kwamba mtu akikohoa mapovu, au akihema akiwa ameketi tu, mapafu yanajaa maji. Anashushwa hapohapo, hata kama ni saa nane za usiku. Akianza kupepesuka wanamtembeza kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole, kama trafiki anavyompima mlevi. Akiushindwa mstari, ubongo umevimba, safari imekwisha. Hata akilia. Hata akitaja alicholipa kwa dola. Hata kilele kikiwa kinaonekana. Nikawaona vijana wawili wanaigiza: mmoja mgeni, anafoka, anatishia kushtaki kampuni, mwingine amemshika mkono, anarudia kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, tunashuka bosi wangu, tunashuka sasa hivi. Aliyeigiza mgeni alikuwa na kipaji, alitoa hadi machozi. Mzee akamsimamisha aliyeigiza kiongozi, akamwambia umepata, ila umechelewa dakika kumi. Ulipaswa kuliona kwenye hatua zake, kabla hajafungua mdomo. Wakarudia. Wakarudia tena. Nilikaa pale hadi jua likazama, kwa sababu za kiukaguzi.

Tathmini yangu: mteja ni mfalme. Kiongozi apimwe kwa idadi ya vichwa alivyofikisha juu. Waliorudishwa wahesabiwe kama upotevu.

Sasa ajira, maana wazazi wanauliza. Chuo cha Mweka, ambacho kinatoa wataalamu wa wanyamapori kwa bara zima tangu 1963, kina wahitimu wanaoshinda porini hadi leo. Mimi naliita hilo janga. Mtu anasomeshwa miaka yote hiyo kisha analala kwenye hema? Kijana akihitimu hapa aunde jukwaa la wadau. Jukwaa lizae kamati, na kamati itahitaji mratibu, gari na dereva. Kule juu aende mara moja, kupiga picha ya kalenda.

Msidhani sijasoma. Najua Waingereza walifungua shule ya Outward Bound kule Aberdovey mwaka 1941, Kurt Hahn akiwa kinara wake, kwa kuwa ilionekana meli zikizamishwa vitani mabaharia vijana wanakata tamaa kwenye mashua haraka kuliko wakongwe. Miaka ya 1950 wakajenga tawi Loitokitok, upande wa pili wa mlima wetu huuhuu. Ushahidi huo unathibitisha msimamo wangu kwamba wazee tunastahimili. Kwa hiyo kiti cha mgeni rasmi kiwe na mto.

Mafunzo ya vitendo, nimeyapangia Aprili. Nasikia minong'ono kwamba Aprili ni masika, njia zinakuwa tope na juu kuna theluji. Najua. Lakini mwaka wa fedha unakwisha Juni, na fedha isiyotumika hurudi Hazina. Mlima ujipange.

Nitapokea maswali matatu. La kwanza, bahasha: mtasaini kwa mhasibu mlangoni, mmoja mmoja, bila kusukumana. La pili, hilo la binti mwenye buti kwamba mimi mwenyewe nimewahi kufika mwinuko gani, lipelekwe kwa maandishi sekretarieti, nakala tatu. La tatu muda hautoshi. Zoezi la kutembea mchana huu limeahirishwa kwa kuwa kuna dalili za manyunyu. Na kuna suala dogo la kiutawala: dereva wangu ameegesha gari pale juu karibu na bwalo, kwenye kile kilima. Wewe mzee wa kofia, hebu mtume kijana amwambie alishushe hadi hapa mlangoni.