Barua ya Wazi kwa Benki Inayonishikia Hati

Kwa Mkuu wa Idara ya Mikopo ya Nyumba,

MINTARAFU: KUOMBA USHAURI WENU JUU YA KUWAHAMA

Bwana Mkuu,

Pokea salamu za mteja anayewalipa kila mwezi kabla hajanunua unga. Kwanza, hongereni kwa wepesi. Februari 2024, Benki Kuu ya Kenya ilipopandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, arafa yenu ilinifikia upesi kweli, ikinijulisha kwa masikitiko kwamba riba yangu nayo imelazimika kupanda. Nikasema sawa, ndio mkataba.

Tangu Agosti mwaka huo, Benki Kuu imekuwa ikiishusha riba hiyo kidogo kidogo, na kufikia Desemba 2025 ikawa asilimia 9. Simu yangu ni nzima, nimehakikisha. Matangazo ya kadi zenu yanaingia vizuri. Arafa ya riba kushuka pekee ndiyo iliyopotea njia. Nilipofika tawini, binti wa kaunta alinieleza kwa upole kwamba fedha mlizonikopesha mlizipata wakati amana zikiwa ghali, hivyo nivute subira. Nikashukuru. Ila sijaelewa kwa nini, wakati wa kupanda, zile fedha mlizozipata kwa bei nafuu hazikuhitaji subira hata ya wiki moja.

Ndiyo maana nawaza kuuhamishia mkopo huu kwa jirani zenu, na kwa kuwa wataalamu ni nyinyi, nikagulieni hesabu. Nadaiwa shilingi milioni 6, imebaki miaka 15, riba ni asilimia 15.5, nalipa kama 86,000 kwa mwezi. Jirani wanatoza asilimia 13.5. Kwa miaka ile ile 15 ningelipa kama 78,000, na hizo 8,000 zingesaidia karo. Lakini ili niondoke, kuna ada yenu ya kulipa deni mapema (mahali pengine mtu anayelipa deni mapema hupewa mkono wa pongezi), kuna wakili wa kufuta rehani yenu, wakili wa kuandika rehani yao, mthamini wa kuja kuthibitisha kwamba nyumba haijahama, ushuru wa stempu, bima, na ada ya kufungua faili. Nimejumlisha nikapata kama 180,000. Yaani karibu miaka miwili ya nafuu hiyo italiwa na watu wenye mihuri.

Mliposikia nataka kwenda, huruma ikawashika. Afisa wenu aliniita ofisini, akanishushia riba hadi hiyo hiyo 13.5, kisha akaizungushia duara kwa kalamu nyekundu nambari 72,400 na kunisukumia karatasi. Malipo mapya ya mwezi! Nusura nimkumbatie. Maandishi madogo ya chini, yaliyosema mkopo utaanza upya kwa miaka 20, hayakupata duara.

Nyumbani nikazidisha. 86,000 kwa miezi 180 ni kama milioni 15.5. 72,400 kwa miezi 240 ni kama milioni 17.4. Kwa hiyo mmenipunguzia riba, mkanipunguzia malipo ya mwezi, na kwa ukarimu huo wote nitawalipa milioni 1.9 zaidi. Mwalimu wangu wa hesabu angewapa tuzo.

Sasa nasikia tuna mfumo mpya: riba itafuata KESONIA, ule wastani wa riba za mikopo ya siku moja baina ya benki, kisha mtaongeza kitu kinachoitwa K. Ndani ya K mna gharama zenu, faida ya wenye hisa, na hatari ya kunikopesha mimi. Sijawahi kuruka mwezi hata mmoja, na hati ya nyumba mmeifungia kwenye kabati lenu. Naomba kuonyeshwa hiyo hatari yangu, nami niiogope.

Basi nipeni kwa maandishi salio langu, K yangu, na kila ada ya kutokea mlangoni kwenu. Ikiwa bado mnanipenda, nipeni asilimia 13.5 kwa miaka 15 iliyobaki, bila kunirudisha mwanzo. Jibu lisipofika kufikia mwisho wa mwezi, wakili wa jirani atakuja kuchukua hati.

Wenu kwa miezi 180, wala si 240,

Mkopaji