Ndiyo, Mwalimu!

Darasa letu lilikuwa linaitika "Ndiyooo!" kabla mwalimu hajamaliza kusema "Mmeelewa?" Siku moja akabadilisha: "Nani ana swali?" Tukaitika "Ndiyooo!" kwa mazoea. Akakaa kitini kuyasubiri hayo maswali. Kimya mpaka kengele.

Msidhani tulimwogopa yeye. Fimbo tulishazoea. Tuliogopa kicheko cha benchi la nyuma, walikokaa vijana wa sauti nzito ambao wenyewe hawajawahi kuuliza kitu. Juu ya hapo kuna Kiingereza. Shule ya msingi tumesoma kwa Kiswahili, kama ilivyoamuliwa Tanzania mwaka 1967. Ukivuka kwenda sekondari, swali lako halipokelewi kwa lugha uliyoliwazia. Ukija kumaliza kulitunga kichwani, ubao umeshafutwa.

Mimi niliwahi kujikaza, nikasimama katikati ya kipindi cha kemia. Kiingereza chote kikanikimbia, ikabaki sentensi moja tu, ile ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikaitamka kwa ufasaha ambao sijaurudia tena maishani. Nikaruhusiwa. Ningefanyaje? Nilikwenda, nikakaa muda wa kuridhisha, nikarudi.

Kidato cha tatu ikaja mada ya moli. Moli moja, tuliambiwa, ni chembe 6.02 × 10²³, na tukaitika vizuri sana. Safari hii mwalimu hakutuamini. Akaweka mezani boksi tupu la chaki: andika swali kwa lugha yoyote, jina usiandike. Akaanza kusoma. "Moli ni nini?" "Moli ni kitu gani hasa?" "Hiyo moli inaonekana?" "Nani alikaa akazihesabu?" Hata kinara wetu, bingwa wa kutikisa kichwa kama aliyeelewa, alikuwamo, mwandiko wake tuliujua wote, maana ndio tuliokuwa tunanakili.

Mwalimu akaeleza upya, kwa Kiswahili, mlango ukiwa umefungwa. Dazeni ni 12, yawe mayai au maandazi. Moli nayo ni idadi vilevile, ila kubwa mno. Mkono wa kwanza ukanyooka kutoka benchi la nyuma, sauti nzito: "Sasa mwalimu, moli moja ya maandazi ni shilingi ngapi?"

Andazi lilikuwa shilingi 50. Mwalimu akazidisha ubaoni, 3.01 × 10²⁵, akasema Benki Kuu yenyewe ingeshindwa.

Nikanyoosha mkono, nikauliza kama kwa mzigo huo mtu hapunguziwi bei.